Mimi Simo

Mwalimu wetu wa jioni anasema hadithi fupi haina muda wa kuchezea, ianzie pale mambo yalipoharibika. Haya. Mambo yaliharibika Jumanne, saa tano asubuhi, katika chumba cha pasi kwenye jengo la kufulia la hospitali, na aliyeyaharibu ni mimi. Najua hapo nimeshaiua taharuki, mwalimu angenikata alama. Anikate tu. Nilikaa na jambo hili wiki tatu likinitafuna, sina tena nguvu ya kumzungusha mtu.

Jengo lenyewe lina vyumba vitatu vikuu vinavyofuatana: cha kupokea nguo, cha mashine za kufua, na cha pasi. Mimi nilikuwa mapokezi. Kazi yangu ilikuwa kupekua mifuko kabla nguo hazijaingia majini, maana madaktari na wauguzi wanasahau vitu jamani, acha tu: kalamu, mikasi, funguo za nyumba, na siku moja meno ya bandia yaliyofungwa kwenye karatasi ya choo. Sheria ni moja, chochote kinachotoka mfukoni kinakwenda mezani kwa msimamizi, hata kama ni kipande cha karatasi. Msimamizi tumembandika jina la Kengele kwa ajili ya lile rundo la funguo linalolia kiunoni mwake, na tunashukuru linalia, linatupa muda wa kuacha soga. Mimi wananiita Kidaftari. Nilijiandikisha kufanya mtihani wa sekondari nikiwa na miaka arobaini na mitatu, mtihani ambao niliuacha zamani nilipobeba mimba ya mwanangu wa kwanza, na tangu hapo sikuonekana bila daftari kwapani.

Chumba cha pasi ni cha Mama Pasi. Miaka thelathini na mmoja amesimama mbele ya ile pasi kubwa ya mvuke yenye bapa la chini na bapa la juu. Unatandaza nguo, unashusha bapa, unahesabu hadi kumi, unainua. Hahesabu kimoyomoyo, anahesabu kwa sauti, mpaka sisi wa mapokezi tunamsikia. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Kusoma hajui, na halimsumbui hata chembe, kwani alikuwa na msomaji wake: barua, matangazo ya ukutani, maelezo ya dawa za presha, vyote nilimsomea mimi. Akinikuta na kitabu ananiuliza kama hao watu wa humo ndani wanakula kweli au wanaongea tu.

Jumanne hiyo aliinua pasi, akaiacha wazi, akatoka kwenda kunywa dawa. Nilimwona kwa macho yangu. Mimi nikaingia kumsubiri, nikakuta majoho ya chumba cha upasuaji yamejaa kwenye kikapu, nikasema ngoja nimpunguzie mzee wa watu kazi. Nikatandaza joho moja, nikashusha bapa. Na kwa kuwa nilikuwa na kitabu chenye hadithi tuliyopewa darasani, nikasema nisome aya moja tu huku nahesabu hadi kumi. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyerudi kwake akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akabisha hodi. Mtu akamwitikia kutoka ndani, kwa sauti yake yeye mwenyewe yule mwanamke.

Sasa niambieni, nani angeishia aya moja?

Niliposikia harufu, moshi ulishatanda. Na hapo, badala ya kuinua pasi, nilikimbia. Sina maelezo mazuri, miguu ilinitangulia. Nilikwenda hadi stoo ya sabuni, nikachukua boksi ambalo hakuna aliyenituma kulileta, nikarudi nalo nahema, nikauliza kuna nini. Nilithubutu kuuliza kuna nini. Mama Pasi alikuwa ameshachomoa umeme. Joho lilikuwa jivu, kitambaa kinene cha bapa la chini kimeungua, nyaya zimeyeyuka, pasi imekufa. Alasiri hiyo upasuaji wa watu wawili ukaahirishwa kwa kukosa majoho.

"Niliinua," Mama Pasi aliniambia. Kisha akaitazama mikono yake. "Au sikuinua?"

Mimi nikaweka boksi la sabuni chini na kulipanga vizuri.

Alhamisi Kengele alibandika tangazo: mhusika wa tukio la pasi ajitokeze kabla hajatafutwa. Nilimsomea Mama Pasi nikijikaza kisabuni. Aliniuliza kama wanamtaka yeye. Nikasema wanamtaka mhusika. Akasema basi ni yeye, ila asubiri kidogo, labda atakumbuka vizuri ilivyokuwa.

Hapo ndipo kutotulia kulipoanza, kwake na kwangu. Walimletea pasi ya zamani kutoka stoo, bapa lake zito, lenye kutu. Alihesabu hadi kumi, akainua, akashusha, akahesabu tena hadi kumi. Kila nguo mara mbili. Akitoka chumbani anafika mlangoni, anarudi kutazama. Jirani yake aliniambia kwamba hata nyumbani anafunga mlango, anakwenda hatua ishirini, anarudi kugusa jiko. Mimi nami sikukalika. Nilipekua mfuko mmoja mara tatu. Usiku nageuka upande huu, nageuka ule, mchana nikisikia zile funguo najifanya nahesabu mifuko. Mara mbili nilinyanyuka kwenda kwa Kengele, na mara mbili nilifika mlangoni nikamwomba ruhusa ya kwenda chooni. Alianza kuniuliza kama naumwa.

Siri ikikosa mlango inatafuta dirisha. Wiki ya pili mwalimu alitupa kazi ya kuandaa mpango wa hadithi fupi kutokana na jambo la kazini kwetu. Aliandika ubaoni vitu vinavyotakiwa, na mimi kalamu ilikimbia yenyewe. Nilimaliza kabla ya wote. Niliandika hivi, kwa herufi kubwa:

MHUSIKA MKUU: MAMA PASI.
WAHUSIKA WENGINE: MSIMAMIZI, WAUGUZI.
MANDHARI: CHUMBA CHA PASI, JUMANNE, SAA TANO.
KILELE: MOSHI.

Mwalimu alisoma akasema pale hakuna mgogoro. Pasi kuungua ni ajali, na ajali peke yake haijawa hadithi. Lazima awepo mtu anayetaka kitu na mwingine anayemzuia. Nikakumbuka kwamba mwezi uliopita Kengele alimnyima Mama Pasi likizo ya kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Nikaongeza: MGOGORO: ALINYIMWA LIKIZO. DHAMIRA: KULIPA KISASI. Nikaona imependeza. Chini yake nikamalizia: MBINU ZILIZOTUMIKA: TAHARUKI, KINAYA, MBINU REJESHI.

Mwalimu alisoma tena, akauliza nani anasimulia. Nikasema ni nafsi ya tatu. Akauliza hiyo nafsi ya tatu ilikuwa imesimama wapi hata ikaona yote hayo, kona ipi ya chumba. Darasa likacheka.

"Wewe mwenyewe umo humu?" akaniuliza.

"Mimi simo," nikasema, haraka mno.

Alinirudishia karatasi, akanikumbusha kwamba kwa mara nyingine nimesahau kuandika jina langu juu. Nikaikunja, kesho yake nikaisahau kwenye mfuko wa aproni ya kazini.

Mnajua tena. Alhamisi hufuliwa aproni zetu sisi wenyewe, ambazo hazina majina, na Alhamisi hiyo sikuwepo, nilikwenda kuchukua namba ya mtihani. Mwenzangu aliyeshika zamu alipekua mifuko kama kawaida na kupeleka alichopata mezani kwa msimamizi. Miaka sita nimefanya kazi ya kutoa karatasi kwenye mifuko ya watu, ya kwangu ikanishinda.

Jumatano ya wiki ya tatu Mama Pasi alinifuata chumba cha kubadilishia nguo akiwa na bahasha. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akaniambia nimsomee polepole. Barua ilisema kwamba kutokana na maelezo ya shahidi ambaye hakutaja jina, mhusika mkuu amebainika. Ilisema mbinu zilizotumika zinajulikana na dhamira yake inajulikana, nayo ni kisasi. Kwamba afike mbele ya kamati Ijumaa saa nne, ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi. Nyuma ya barua ilibanwa nakala ya ushahidi. Nilipoona mwandiko wangu nilitamani ardhi ipasuke.

Nitajisifu kidogo hapa, maana sina pengine pa kujisifu: sikuficha karatasi. Nilimwambia palepale kwamba hii si ushahidi, ni kazi yangu ya darasani, na kwamba mhusika kwenye hadithi siyo mkosaji, ni yeyote anayetajwa humo, hata paka. Akauliza huyo mkuu ni nani sasa. Nikamweleza kuwa ni yule ambaye ukimtoa, hadithi yote inaanguka.

Mama Pasi alicheka mpaka akapangusa macho kwa upindo wa gauni. Akasema kumbe miaka thelathini na mmoja hajawahi kupandishwa cheo na ofisi, leo amepandishwa na Kidaftari.

"Na wewe je, mwanangu? Umo?"

Ile nafasi ilikuwa wazi mbele yangu, pana, hakuna aliyekuwa amesimama njiani.

"Mimi simo, mama."

Akasema basi Ijumaa twende wote, nikawaeleze kama nilivyomweleza yeye, mambo yaishe. Akaanza kuvaa viatu. "Ila kile kisasi ukitoe," akaniambia. "Mimi sikulipa kisasi kwa mtu. Nilisahau tu. Siku hizi nasahau, mwanangu, naogopa hata kuwasha jiko."

Nilimfunga kamba za viatu, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Ijumaa kamati ilikuwa watu watatu kwenye meza ndefu: Kengele, mwakilishi wa wafanyakazi aliyekuwa akitazama saa, na bwana wa utawala, mtu mpole mwenye miwani inayoteleza puani. Mama Pasi alisema hajui kusoma na huyu ndiye msomaji wake, nikaruhusiwa kukaa. Nikapewa ile karatasi niisome kwa sauti. Nikaisoma yote, kisha nikasema ni yangu, na nikaweka mezani daftari la darasani wafananishe mwandiko.

Kengele hakukubali upesi. Kwa siku tano alikuwa amefanya upelelezi wake na ulishamkolea. Alisema karatasi imetaja mbinu rejeshi, na yeye amethibitisha kwa mashahidi kwamba siku hiyo mama huyu alitoka chumbani na kurejea. Nikamweleza kuwa mbinu rejeshi siyo mbinu ya mtu kurejea. Ni msimulizi anayerudi nyuma kusimulia yaliyotangulia. Bwana wa utawala aliinua kichwa, miwani ikateleza, akasema anaikumbuka hiyo, iliwahi kumfelisha. Akataka nieleze na zilizobaki. Nikasema mgogoro wa hadithi si mgomo wala ugomvi wa ofisini, ni kule kuvutana kunakoisukuma hadithi mbele. Nikasema dhamira hapa siyo nia ya mtu, ni lile wazo ambalo mwandishi amelibeba. Nikasema kinaya ni jambo kwenda kinyume na lilivyotarajiwa, mathalani mtu anayekuja kusaidia akaharibu. Nikasema taharuki ni kumweka msomaji roho juu, atake kujua kinachofuata, mpaka asahau alichoshika mkononi.

"Asahau alichoshika," bwana wa utawala akarudia, akatabasamu. Aliona ni maelezo mazuri.

Mwakilishi wa wafanyakazi alisema basi kesi imekwisha, hii ni kazi ya shule na watu wazima wameitwa bure. Hata Kengele aliinamia funguo zake. Mama Pasi alinifinya goti chini ya meza kwa furaha. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeokoa mtu kwa elimu yangu mwenyewe na hakuna aliyeniuliza kitu.

Ndipo bwana wa utawala akavua miwani. Alisema anashukuru kwamba hakukuwa na kisasi. Lakini pasi iliungua, na mtu hakuiinua. Alisema kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionimaliza. Alisema mama ametumikia vizuri, umri nao una mambo yake, na chumba chenye moto hakitaki mtu anayesahau. Wangempumzisha kuanzia mwisho wa mwezi. Wangeandika kwamba ni sababu za kiafya, ili heshima yake isiguswe. Akamuuliza Mama Pasi kama ana la kusema.

"Kweli, baba," alisema Mama Pasi. "Hata mimi mwenyewe sijiamini tena."

Hakulia. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya leso yake, na nilijua sasa hivi atainuka, atafika mlangoni, atarudi kutazama kama ameacha kitu. Nilijua atafanya hivyo mpaka siku anaingia kaburini. Bila kazi angeweza kuishi. Lakini akili yake nilikuwa nimeichukua mimi, nikaificha nyuma ya boksi la sabuni.

"Hakusahau," nikasema. "Aliinua."

Kengele aliuliza nimejuaje. Nikasema niliona. Akachukua ile karatasi, akaipitishia kidole mstari kwa mstari, sasa amekuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Akasema humu wamo Mama Pasi, msimamizi na wauguzi. Kidaftari hayumo.

"Nimo," nikasema.

Mwakilishi aliacha kutazama saa. Nikawasimulia kwa nafsi ya kwanza, tangu nilipomwona anainua pasi na kutoka, joho nililotandaza mimi, bapa nililoshusha mimi, kitabu, mlango uliofungwa kwa ndani, moshi, stoo ya sabuni. Sikuruka kitu. Nilipofika pale niliporudi na kuuliza kuna nini, nilisikia goti la Mama Pasi likihama kutoka karibu na langu.

Iliandikwa kwamba Mama Pasi anaendelea na kazi hadi atakapostaafu. Iliandikwa kwamba mimi nisimame kazi tangu saa ileile, nirudishe aproni, uamuzi juu yangu utakuja kwa barua. Nilimwaga unga wangu mwenyewe, kwa mkono wangu. Bwana wa utawala alinirudishia karatasi ya darasani na hakutabasamu.

Tuliporudi kwenye jengo la kufulia, Mama Pasi alikaa kwenye benchi la mapokezi. Nikasimama mbele yake. Nilitaka anitukane, ningepata pa kushika, lakini alikuwa anatazama sakafu.

"Leo asubuhi jiko nimelirudia mara tatu," akasema. "Ya tatu nilikuwa nimeshafika barabarani."

"Najua, mama."

"Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

Alinyoosha mkono, akaniambia nimpe ile karatasi na nimwonyeshe jina lake liko wapi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake, kidole kinene chenye alama za kuungua za miaka.

"Nitoe hapo," akasema. "Jiweke wewe."

Niliegemeza karatasi ukutani, nikamkata kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika. Alifuatilia kalamu mpaka ilipokoma, kisha akaniambia nimsomee. Nikasoma: mhusika mkuu, mimi. Sauti ilikuwa ndogo, akanirudisha nisome tena, nikasoma tena.

Alikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni mwa aproni yake. Akainuka. Alisema barua zake kuanzia sasa atatafuta mtu mwingine wa kumsomea.

Nilibaki pale nikifungua kamba za aproni ambazo hazikutaka kufunguka. Mlango wa chumba cha pasi ulikuwa wazi. Nilisikia bapa la ile pasi ya zamani likishuka, nikamsikia akihesabu, moja, mbili, tatu, kwa sauti yake ya siku zote. Alifika kumi, akainua, akachukua nguo nyingine.